Nani Alichimba Handaki? Lugha na Historia Jumuishi: Mfano wa Kianjokoma, Embu

Makala hii inajadili namna Kiswahili kinavyoweza kuupa umma historia inayomtambua kila aliyeshiriki. Mfano wetu ni Kianjokoma, soko lililo kwenye miteremko ya Mlima Kenya, katika Kaunti ya Embu.

Hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Kuanzia mwaka 1954, serikali ya kikoloni iliwahamisha zaidi ya watu milioni 1, hasa Wagikuyu, lakini pia Waembu na Wameru, hadi vijiji zaidi ya 800 vilivyolindwa. Nia ilikuwa kuwakatia chakula wapiganaji wa Mau Mau waliokuwa msituni.

Tuzingatie sentensi hii: "Handaki lilichimbwa pembezoni mwa msitu." Kisarufi haina kosa. Hata hivyo, kauli ya kutendwa imemficha mtenda. Tuilinganishe na hii: "Serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanakijiji, wengi wao wanawake, kuchimba handaki." Hapa aliyeamuru anaonekana, na aliyeshika jembe anaonekana pia. Bibi wa Kianjokoma akisikia sentensi ya pili redioni, anajitambua. Akisikia ya kwanza, ni mgeni katika historia yake.

Msamiati nao una uzito. Marufuku dhidi ya Mau Mau iliondolewa mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Muda wote huo sheria ilibeba jina la mkoloni kwa watu ambao umma uliwaita wapigania uhuru.

Aidha, Katiba ya mwaka 2010 iliibadili Sikukuu ya Kenyatta kuwa Sikukuu ya Mashujaa. Umoja uligeuka wingi. Hivyo, pamoja na Dedan Kimathi, ipo nafasi ya kuwataja Jenerali Kubukubu wa Embu na Musa Mwariama wa Meru. Mnara uliozinduliwa mwaka 2015 katika bustani ya Uhuru, Nairobi, unamwonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula. Mtazamaji haelezwi kwamba wanawake walishiriki. Anamwona mmoja wao.

Wapo watakaouliza: je, homgadi waliotumikia serikali ya kikoloni watajwe pia? Wajukuu wa pande zote mbili huuziana chai na mboga katika soko moja. Jibu la makala hii ni kwamba kutaja si kusifu. Historia jumuishi hailinganishi matendo. Inakataa kuwafuta watenda. Ukimya hauponyi kidonda, huacha kila ukoo na simulizi yake ya siri.

Kwa kuhitimisha, mwanafunzi wa Kiswahili anayeandikia umma ajiulize maswali matatu kwa kila sentensi: nani alitenda, nani alitendwa, na nani ameachwa nje? Kidole kimoja hakivunji chawa. Uhuru nao haukuletwa na jina moja.