Picha Ilitunzwa, Watu Wakauawa



Leo tujifunze kupitia picha moja. Mwaka 1880, huko Paris, Ufaransa, mwenye benki mmoja Myahudi, Louis Cahen d'Anvers, alimpa kazi mchoraji Pierre-Auguste Renoir: amchore binti yake Irène, mwenye miaka 8.

Renoir alikuwa mmoja wa Waimpreshonisti, wachoraji waliopenda kunasa mwanga wa wakati ule ule kwa miguso ya haraka ya brashi. Itazame picha yenyewe. Majani nyuma ya Irène ni kama madoa tu ya kijani. Lakini ukifika usoni, mchoraji ametulia. Macho, shavu, nywele ndefu zinazoshuka mgongoni, vyote amevipa muda. Ni kama anatuambia: hapa usipite haraka, hapa kuna mtu.

Sasa sikia yaliyofuata. Irène alikua, akaolewa, akamzaa Béatrice, ambaye ukubwani alibatizwa akawa Mkatoliki. Ikaja Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1941 Wanazi wakaipora ile picha. Baadaye Béatrice, mumewe Léon Reinach na watoto wao wawili, Fanny na Bertrand, walipelekwa kambi ya Auschwitz. Hakuna aliyerudi. Elisabeth, mdogo wake Irène, naye alikamatwa akafa. Picha je? Ilitunzwa vizuri kabisa, na mwaka 1946 Irène akarudishiwa.

Umeona? Uso wa mtoto kwenye kitambaa ulihifadhiwa kwa sababu una bei. Binti na wajukuu wa mtoto huyo huyo wakauawa.

Mwanafalsafa Immanuel Kant alitofautisha hivi: vitu vina bei, lakini mtu ana hadhi, na hadhi haina kitu cha kubadilishana nacho. Imani yetu inakwenda mbali zaidi na kutupa sababu: kila mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Picha halisi ya Mungu haiko makumbusho. Inapumua, inalia, inaomba chakula.

Usiseme, "Hayo ni ya Wanazi, mimi yananihusu nini?" Dhambi kubwa huanza na jicho lililozoea kutomwona mtu. Mtandaoni tukiona picha ya mtoto mzuri tunabonyeza kimoyo fasta. Halafu mdogo wako anakuja na daftari umsaidie hesabu, unamjibu "niache bwana" huku macho yako kwenye simu.

Wiki hii fanya zoezi moja tu. Chagua mtoto mmoja ambaye huwa unampita: wa nyumbani, wa jirani, au anayeomba mlangoni pa kanisa. Simama, mtazame usoni, muulize jina lake, msikilize hadi amalize.

Tuombe: Ee Yesu, uliyewakumbatia watoto, tuponye macho, tukuone ndani yao. Amina.