Mgeni katika Juma Kuu la Seville

Somo la kusoma kwanza: Marko 15:16–24



Siku hizi baadhi yetu tuna watoto wanaosoma au kufanya kazi Ulaya, na wako wanaobahatika kwenda kuwatembelea wakati wa likizo. Anayefika Hispania karibu na Pasaka huambiwa asikose kuliona Juma Kuu katika mji wa Seville. Je, Mkristo aende kulitazama kama anavyotazama mchezo wa mpira? Katika somo hili tujifunze mambo matatu yampasayo mgeni: kutazama, kuuliza na kujipima.

1. Kutazama

Tangu Jumapili ya Matawi hadi Pasaka, vyama vya kidini vya mji huo, vipatavyo 60, hufanya maandamano, kila kimoja kwa siku yake, hadi Kanisa Kuu na kurudi. Mbele huenda watu waliovaa kanzu ndefu na kofia zilizochongoka, nyuso zimefunikwa, yaonekana macho tu. Mgeni asidhani ni wale wabaguzi wa rangi wa Marekani. Vazi hili ni la toba, nalo ni la kale kuliko wao. Uso hufunikwa ili anayetubu asisifiwe na watu (linganisha Mathayo 6:16–18).

Nyuma yao huja jukwaa kubwa lenye maua na mishumaa, na juu yake sanamu ya Bwana Yesu aliyebeba msalaba, au ya Mariamu akilia. Pengine mtu mmoja huimba kutoka roshani ya nyumba. Wimbo huo huitwa saeta, maana yake mshale. Hapo msafara husimama, na umati wote hunyamaza.

2. Kuuliza

Mgeni mwenye busara huuliza: jukwaa zito namna hii linakwendaje? Chini yake, nyuma ya pazia, wamo watu kama thelathini au zaidi. Kila mmoja amejifunga ngata, kama mama zetu wanapobeba mtungi, lakini mzigo huukalia ukosi wa shingo. Hawaoni njia. Husikiliza sauti ya msimamizi tu, na akigonga nyundo huinuka wote kwa pamoja. Zamani wachukuzi hawa walikuwa vibarua wa kulipwa, wengi wao kutoka bandarini. Mwaka 1973 wanachama wa chama kimoja walianza kubeba wenyewe bila malipo, na vyama vingine vikafuata.

Na aulize tena juu ya chama kinachotoka siku ya Alhamisi Kuu, ambacho watu hukiita Los Negritos, yaani "weusi wadogo". Chanzo chake ni mwishoni mwa karne ya 14, Askofu Mkuu Gonzalo de Mena alipowajengea hospitali Waafrika wa Seville, watumwa na waliokuwa huru. Mji huo ulikuwa na watumwa wengi, na waliowamiliki walikuwa Wakristo. Hukumbukwa kwamba katika karne ya 17 watu weusi wawili waliokuwa huru walijiuza utumwani ili ipatikane fedha ya ibada ya chama chao. Leo wengi wa wanachama wake ni wazungu, lakini jina limebaki.

3. Kujipima

Nakiri kosa langu. Nilipokuwa nikifundisha chuo cha ualimu, niliwaambia wanafunzi kwa sentensi moja kwamba maandamano ya Hispania ni ibada ya sanamu, kisha nikafuta ubao. Sikuwa nimeuliza swali hata moja. Hata leo sisemi tuanze kubeba sanamu. Hispania kwenyewe lipo Kanisa dogo la Kiaskofu lililo katika Ushirika wa Kianglikana tangu mwaka 1980, na ibada yake haina mambo hayo. Lakini kutokubaliana na mtu ni jambo moja, na kumhukumu kabla ya kumsikiliza ni jambo jingine.

Simoni aliyeshurutishwa kuubeba msalaba wa Bwana alitoka Kirene, yaani Afrika, katika nchi tunayoiita leo Libya. Alikuwa mgeni, mpita njia tu, naye hakuruhusiwa kubaki mtazamaji. Waafrika wa Seville nao walimfuata Kristo yule yule aliyeungamwa na mabwana zao. Sisi ambao Kanisa letu la Mkunazini, Unguja, lilianza kujengwa mwaka 1873 mahali pa soko la watumwa, tunaielewa habari hiyo bila kufasiriwa. Inatuuliza: ni nani aliye chini ya pazia katika kanisa letu, anayebeba mzigo ambao sisi tunauona umependeza tu?

Maswali ya kujadiliana

1. Ni nani katika mtaa wetu hubeba kazi nzito bila kuonekana? Tumewahi kumshukuru?
2. Mgeni akija kwetu Ijumaa Kuu, ataona toba au ataona desturi tu?
3. Ni watu gani wa imani nyingine tuliowahukumu kabla ya kuwauliza?

Tuombe: Ee Bwana, utufundishe kutazama kwa heshima, kuuliza kwa unyenyekevu, na kuubeba msalaba wako pasipo kutafuta sifa. Amina.