Sahani ya Kampala: Wanga Upungue, Mboga Ziongezeke

Agiza chakula cha mchana katika kibanda chochote kwenye soko la Owino au la Kalerwe. Utapakuliwa matoke, wali, posho (ugali), kiazi kitamu na muhogo, kisha kipande cha nyama na mchuzi. Vile vitano vya kwanza vyote ni wanga, na tumboni wanga huvunjwa kuwa sukari. Ndiyo maana mgonjwa wa kisukari aina ya pili anaweza kuacha sukari kwenye chai na bado kipimo chake kikapanda.

Ulaji wa wanga kidogo kwa kawaida ni ule usiozidi gramu 130 za wanga kwa siku. Gramu 300 za wali pekee zina takriban gramu 84. Ulaji huu hushusha sukari na mafuta ya trigliseridi katika damu, na wengi hupungua uzito miezi ya mwanzo. Baada ya mwaka, tofauti yake na milo mingine ya kupunguza uzito huwa ndogo. Hivyo panga mlo utakaoweza kuendelea nao.

Namna ya kupanga sahani

- Chagua wanga wa aina moja, kiasi cha ngumi. Ukitaka matoke, acha wali na posho.
- Jaza nusu ya sahani kwa mboga kama nakati, dodo, bugga au ntula. Nyuzinyuzi zake husaidia choo na kuchelewesha njaa.
- Ongeza protini: mukene (dagaa), samaki, kuku au mayai. Yai moja lina takriban gramu 6 za protini na wanga usiofika gramu 1.
- Ovakedo na mchuzi wa karanga hushibisha. Pakua kwa kiasi, maana mafuta yake yana nguvu nyingi.
- Kwa muuza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai), omba mayai mawili yenye nyanya, kitunguu na kabichi, na nusu chapati.
- Kunywa maji. Chupa ya soda ya mililita 300 inaweza kuwa na gramu 30 za sukari.

Nani amwone daktari kwanza

Anayetumia insulini au dawa ya kisukari ya glibenklamaidi asipunguze wanga kabla dozi haijapangwa upya, kwani sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ugonjwa wa figo nao wamwone daktari kwanza. Ukitumia insulini au glibenklamaidi ukatokwa jasho, ukatetemeka au ukaanza kuchanganyikiwa, kunywa soda au maji ya sukari mara moja, kisha nenda kliniki.