SOMO LETU: MBIO ZA NYIKA NA MTOTO WA NNE

Leo tutasoma habari za mbio. Msicheke. Kuna watakaosema, mbio ni mambo ya watoto, sisi watu wazima yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Anayekimbia ni mtoto wako. Uji aliokunywa umeupika wewe, na ruhusa ya kwenda anaiomba kwako.

Kila mwaka, katikati ya mwaka, shule zetu huwa na mashindano ya michezo. Ya shule za msingi yanaitwa UMITASHUMTA. Ya sekondari yanaitwa UMISSETA. Mtoto huanza shuleni kwake, akishinda anakwenda kata, halafu wilaya, halafu mkoa, na mwisho taifa. Mwaka 2018 mashindano ya taifa yalifanyika hapa hapa Mwanza. Sisi wa Usagara tuko Wilaya ya Misungwi, kwa hiyo mtoto wetu akitoka kata anagombea nafasi katika timu ya wilaya.

Maandalizi ya riadha huanza mapema, na mazoezi yake mazuri kuliko yote ni mbio za nyika. Mbio hizi hazikimbiwi uwanjani penye mistari ya chokaa. Njia inapita kwenye majani, kwenye tope, juu ya kilima cha mawe, na katikati ya majaruba ya mpunga uliokwisha kuvunwa. Mkimbiaji anaruka tuta, anateleza, anainuka, anaendelea. Hapa kwetu njia kama hizo hatuzitafuti. Zimejaa.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Katika mbio za nyika wanashinda watu wawili kwa mara moja. Anashinda mtoto aliyefika wa kwanza, na inashinda timu. Timu inahesabiwaje? Hapa ndipo hesabu zetu za kisomo zinapofanya kazi.

Kwenye mashindano makubwa ya dunia timu ya watu wazima ina wakimbiaji 6, na wanaohesabiwa ni 4 wa kwanza kufika. Kila mmoja anapata alama sawa na nafasi yake. Wa kwanza anapata 1, wa kumi anapata 10. Alama za hao wanne zinajumlishwa. Timu yenye alama chache ndiyo iliyoshinda. Ndiyo, chache! Siyo kama mpira.

Tuchukue mfano. Kata ya kwanza watoto wake wanne wamefika nafasi ya 1, ya 2, ya 15 na ya 30. Jumlisheni: 1 na 2 ni 3, na 15 ni 18, na 30 ni 48. Kata ya pili hawana mtoto hata mmoja katika watano wa mwanzo. Wao wamefika nafasi ya 6, ya 8, ya 9 na ya 11. Jumla ni 34. Kata ya pili wameshinda. Kata ya kwanza wamechukua namba moja na namba mbili, wakashangilia, wakabeba mtoto mabegani, kumbe kwa timu wameshindwa zamani.

Nani amewaangusha? Mtoto wa nne, aliyefika wa 30. Basi leo tumzungumze huyo. Yule wa kwanza ana watu wengi wa kumsifu.

Tulikwenda kuangalia mazoezi ya watoto asubuhi moja. Wote walipita tulipokaa, kisha baadaye sana akaja mvulana mmoja peke yake, ameshika tumbo. Mzee aliyekuwa jirani yetu akasema, "Huyo ni mzito tu, amezaliwa hivyo." Alikuwa baba yake. Mwalimu hakusema kitu, ila alimwandikia mtoto karatasi aende zahanati akapimwe. Majibu yalikuwa kichocho. Yule mzee hakurudia tena neno lile, na sisi pia tuliona haya, maana moyoni tulikuwa tumekubaliana naye.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa pwani ya ziwa. Kichocho ni jirani yetu. Minyoo yake inaishi katika konokono wadogo wa majini, halafu inatoka na kuingia mwilini kupitia ngozi, mtu akioga, akivua, akifua au akichota maji. Huisikii ikiingia. Kichocho cha tumbo hukaa zaidi kwa watu wa ziwani, na dalili yake ni tumbo kuuma, kuhara, wakati mwingine kinyesi chenye damu. Kichocho cha mkojo hupatikana zaidi kwenye madimbwi na mabwawa ya bara, na huonekana kwa mkojo wenye damu. Mtoto anayepoteza damu kidogo kidogo mwezi hadi mwezi anaishiwa nguvu. Ukimtazama ameketi, hana neno. Mpe kilima apande, utaona.

Dawa ipo. Inaitwa prazikwanteli, na mara nyingi watoto huipewa shuleni. Mtoto anywe akiwa ameshiba, maana akiinywa na njaa tumbo linamsumbua, halafu watu wanasema dawa ni mbaya. Lakini dawa haimzuii kuambukizwa tena akirudi kwenye maji yale yale. Mayai ya minyoo yanaingia majini kwa choo na mkojo wa watu. Kwa hiyo choo chako cha nyumbani kimo katika timu ya kata, ingawa hakikimbii.

Kuna ugonjwa mwingine ambao hapa Kanda ya Ziwa tunao sana, nao ni selimundu. Huu hauambukizwi. Mtoto anazaliwa nao, ameurithi kwa baba na kwa mama. Mtoto mwenye selimundu akikimbizwa mbali, akakosa maji au akapigwa na baridi, maumivu makali yanaweza kumshika, na hata maisha yake yakawa hatarini. Asilazimishwe. Na mzazi usifiche. Kuna wazazi wanaficha kwa kuogopa mtoto atachekwa. Mwambie mwalimu wa michezo mapema, atampa kazi nyingine, ashike saa au ahesabu wanaofika. Timu inamhitaji mtu wa kuhesabu pia, kama mlivyoona hapo juu.

Turudi kwa mwenye afya njema. Huyu anaangushwa na nini? Mara nyingi ni njaa na kiu. Usimpe ugali wa kushiba halafu akimbie saa hiyo hiyo, atatapika. Ale saa mbili au tatu kabla. Uji wa mtama, viazi, matobolwa na karanga vinatosha kabisa. Jioni ale ugali na dagaa au maharage ili mwili ujijenge. Hatusemi nyama kila siku. Nani anayo? Maji anywe kidogo kidogo tangu asubuhi, asingoje koo likauke.

Msidhani jua ni tatizo la watoto peke yao. Mwaka 1924, katika mashindano ya Olimpiki mjini Paris, mbio za nyika zilikimbiwa siku ya joto kali. Walianza wanaume 38. Waliofika mwisho ni 15 tu. Wengine walianguka njiani, na baada ya hapo mbio za nyika ziliondolewa katika Olimpiki. Na karibu zaidi, tarehe 24 Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa, nchini Kenya. Kulikuwa na mtu aitwaye Kenenisa Bekele wa Ethiopia. Alikuwa ameshinda mbio zile ndefu miaka mitano mfululizo. Joto la Mombasa na unyevu wake vilimshinda, akaacha kabla ya mwisho. Aliyeshinda ni Zersenay Tadese wa Eritrea. Kama Bekele aliacha, mtoto wa darasa la sita atafanyaje ukimkimbiza saa nane mchana? Mazoezi yawe alfajiri au jioni.

Jambo jingine ni mwendo. Watoto wetu wakisikia filimbi wanatoka kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Wanataka mama aliyesimama pale aone. Waswahili walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na mwaka 2017 tuliona jambo hilo Kampala, Uganda. Kijana wao Joshua Cheptegei alikuwa mbele peke yake katika mbio za nyika za dunia, nyumbani kwao, watu wanapiga kelele za furaha. Katika mzunguko wa mwisho miguu ikamlegea. Akayumba kama mlevi. Wenzake wakampita mmoja mmoja, akafika wa 30. Geoffrey Kamworor wa Kenya akachukua ushindi.

Cheptegei hakutupwa. Alirudi mazoezini, na mwaka 2019 huko Denmark akashinda mbio zile zile, na Uganda ikashinda kwa timu pia. Mwaka 2020 akaweka rekodi ya dunia ya mita 5,000 na ya mita 10,000. Tungependa walimu na wazazi wote wanaomfukuza mtoto katika timu kwa kushindwa mara moja waisome habari hii mara mbili.

Wa kwetu je, tunaye? Tunaye. Suleiman Nyambui ni mtu wa Majita, mkoa wa Mara, kando ya ziwa hili hili. Mwaka 1980 alipata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Mwaka huo huo, akiwa mwanafunzi Marekani, alishinda mbio za nyika za vyuo vikuu vya nchi ile. Baadaye akashinda mbio ndefu za Berlin mwaka 1987 na tena 1988. Na mwezi Septemba 2025, Alphonce Simbu wa Singida alikuwa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo. Baada ya kilomita 42 na zaidi, alimshinda Mjerumani kwa chini ya nusu ya kumi ya sekunde. Ukipepesa macho, hukuona.

Tumebakiwa na jambo moja, nalo ni zito. Ni habari za wasichana. Mwezi wa mashindano ndio mwezi wa kuchuma pamba. Mvulana akiomba ruhusa anapewa, msichana anaambiwa, "Pamba itachumwa na nani?" Asubuhi kabla ya shule ameshachota maji, jioni anasonga ugali. Halafu akichelewa mazoezini anaandikwa mtoro. Na siyo pamba tu. Kuna mama mmoja alituambia wazi, "Mimi sikatai mbio. Nakataa binti yangu kulala nisikokujua." Mama huyo hatukumlaumu hata kidogo. Ana haki. Lakini tulimwomba asiishie kukataa. Aende shuleni aulize: watalala wapi? Mwalimu mwanamke atakuwepo? Mlango unafungwa? Nani atawarudisha, na saa ngapi? Akipata majibu yanayoeleweka, ampe ruhusa. Asipopata, aseme mbele ya mkutano wa wazazi, maana hayo ni maswali ya kila mzazi. Magdalena Shauri, Mtanzania aliyeshika nafasi ya tatu katika mbio ndefu za Berlin mwaka 2023, naye alikuwa binti wa mtu.

Sasa kazi ya nyumbani. Ifanyeni pamoja, baba, mama na watoto, kwa kalamu au kwa kijiti mchangani.

Katika mfano wetu wa mwanzo kulikuwa na kata ya tatu. Watoto wake watatu walifika nafasi ya 3, ya 4 na ya 5. Wa nne wao ni msichana. Siku ile alichota maji ndoo mbili kabla ya kuja, na hakunywa uji. Alifika nafasi ya 25. Kata yake ilipata alama ngapi? Ilishindwa na kata ya pili kwa alama ngapi? Na kama angekunywa uji, na kaka yake angechota zile ndoo, alihitaji kuwapita watoto wangapi ili kata yake ishinde?