Halalan twayyiban: Mbona tunaishia nusu ya aya?



Ijumaa moja baada ya swala kijana mmoja alinisimamisha kwenye baraza ya msikiti akiwa ameshika paketi ya zile tambi za kuchemsha kwa dakika tatu. Alitaka kujua kama ni halali. Mkewe alisikia maneno mtaani kuwa kile kikaratasi cha viungo kilichomo ndani kina mafuta ya nguruwe. Basi mimi na mzee mmoja aliyekuwepo tukavaa miwani, tukasoma yale maandishi madogo neno kwa neno: unga wa ngano, mafuta ya mawese, chumvi, sukari, vikolezo, rangi. Nguruwe hakuwemo. Kijana akashukuru sana, akasema sasa moyo umetulia, maana watoto wake watatu asubuhi hawataki kitu kingine zaidi ya hizo tambi, na jioni ni hivyo hivyo.

Alikwishaondoka ndipo nilipotambua kuwa nimemjibu nusu ya swali.

Katika Suratul Baqara, aya ya 168, Allah (s.w) anawaita watu wote, si waumini peke yao, wale katika vilivyomo ardhini vile ambavyo ni halali na vizuri. Kwa Kiarabu ni halalan twayyiban. Maneno ni mawili. Ibn Kathir katika tafsiri yake anaeleza kuwa hicho kilicho twayyib ni kile kilicho kizuri chenyewe, kisichodhuru mwili wala akili. Wapo wanazuoni waliolieleza neno hilo kwa maana ya kitu safi au chenye ladha ya kupendeza, na sina haja ya kuingia katika tofauti hizo hapa. Itoshe kusema kwamba neno la pili halikuletwa ili kulirudia la kwanza.

Sisi wa mjini tumekuwa hodari wa neno la kwanza. Tunauliza nani kachinja, jelatini imetoka kwa mnyama gani, jibini imegandishwa kwa nini. Ni vizuri, na wasiouliza waanze kuuliza. Lakini neno la pili tumemwachia daktari, naye tunamfikia miguu ikiwa imeshaanza kufa ganzi.

Nasema hivi nikiwa na uchungu wangu. Dada yangu, anayenizidi miaka minne, amekatwa vidole viwili vya mguu kwa ajili ya kisukari. Ni mtu wa swala tano na funga za Jumatatu na Alhamisi. Muuguzi wa kliniki alipomuuliza anakula nini, alijibu kwa kujiamini kabisa, "Vya kawaida tu." Kawaida yenyewe ilikuwa hii: asubuhi chai ya vijiko vinne vya sukari na mkate mweupe uliopakwa siagi ya kopo, mchana ugali wa sembe, jioni chipsi za kibandani na soda kwa kuwa kutwa nzima amesimama dukani na hana nguvu ya kupika. Hakuna haramu hata moja hapo. Nami simlaumu, kwani meza yangu wakati huo haikuwa tofauti na yake.

Wala si yeye peke yake. Mwaka 1989 lilichapishwa katika jarida la Lancet la Uingereza matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika vijiji vya Tanzania. Wenye kisukari walikuwa hawafiki mtu 1 katika kila watu wazima 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 uliwakuta wapatao 9 katika kila 100. Ni kweli kwamba ule wa kwanza ulikuwa wa vijijini na huu ni wa nchi nzima, wala vipimo havikufanana, kwa hiyo tusizilinganishe namba hizo kama mtu anayepima sukari kwenye mizani. Tena siyo chakula peke yake. Tunakaa kutwa, tunapanda daladala hata kwa safari ya vituo viwili. Lakini nani kati yetu anaweza kusema kwamba anakula alichokula bibi yake?

Hapo kwenye ugali ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Imam Bukhari amepokea katika mlango wa vyakula kwamba Sahl bin Sa'd (r.a) aliulizwa kama Mtume (s.a.w) alikula mkate wa unga mweupe uliosafishwa. Akajibu kuwa Mtume (s.a.w) hakuuona unga huo tangu alipopewa utume hadi alipofariki. Akaulizwa kama walikuwa na chekeche. Akasema Mtume (s.a.w) hakuiona chekeche pia. Muulizaji akastaajabu, mlikuwaje mkila shayiri isiyochekechwa? Sahl akaeleza kwamba walikuwa wakiisaga, kisha wanaipuliza, yakaruka ya kuruka, na yaliyobaki wanayatia maji na kuyala.

Hebu ifikirie hadithi hiyo, ndugu msomaji, kisha simama kwenye mashine yoyote ya kusaga ya Tandika au Manzese. Mahindi yanapitishwa kwanza kwenye kinu cha kukoboa. Ganda linavuliwa, na kiini cha mbegu, ambamo ndimo mlimo mafuta yake mazuri, sehemu kubwa ya vitamini na madini kama chuma na zinki, kinaondoka pamoja nalo. Kinachobaki ni wanga mtupu ulio mweupe kama pamba. Hiyo ndiyo sembe. Zile pumba tunawauzia wafuga kuku. Kisha mtoto akipungukiwa damu tunakwenda duka la dawa kununua kwenye chupa kile tulichokwishampa kuku!

Usidhani hayo ni maneno ya wapiga ramli wa dawa za mitishamba. Katika kisiwa cha Java, ambacho wakazi wake wengi ni Waislamu wenzetu, watu waliugua kwa wingi ugonjwa wa beriberi mwishoni mwa karne ya 19. Miguu ilipooza, moyo ukashindwa kazi. Daktari Mholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alitumwa kutafuta kijidudu kinachouleta. Akaona kuku wake wa utafiti nao wanatembea kwa kupepesuka, baadaye wakapona bila ya dawa. Alipochunguza akakuta kuku wale walikuwa wakilishwa makombo ya wali mweupe kutoka jiko la hospitali ya jeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya aliyekataa wali wa askari kupewa kuku wa raia. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa sana, wakapona. Mwaka 1897 mwenzake Vorderman akatazama magereza ya kisiwani humo, akaona kuwa beriberi imejaa zaidi kule wafungwa wanakolishwa mchele mweupe. Kijidudu hakikuwepo. Kilichokosekana ni kile ambacho mashine ilikitupa, nacho baadaye kikajulikana kuwa ni vitamini B1. Eijkman akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Sasa kwa nini tunaiona dona kuwa ni chakula cha adhabu? Wengi wetu tulikutana nayo shule ya bweni, wengine jeshini, na wapo wanaoiita ugali wa jela. Mgeni akija nyumbani akapikiwa dona, mama mwenye nyumba anaomba radhi. Weupe wa unga umekuwa heshima ya nyumba. Basi tukumbuke Sahl alikuwa akizungumzia nyumba ya nani.

Hapa niweke tahadhari mbili. Ya kwanza, hadithi ile inasimulia hali ya maisha, haikuharamisha chekeche wala kinu cha kukoboa. Allah (s.w) ametukataza katika Suratun Nahl, aya ya 116, kuropoka kwa ndimi zetu kuwa hiki halali na hiki haramu. Sijasema soda ni haramu wala sembe ni haramu. Asije mtu akanisomea kwenye khutba kwa maneno nisiyoyasema.

Ya pili ni ya mashineni. Dona haidumu kama sembe, kwa kuwa mafuta ya kiini huchacha, basi saga kidogo kidogo, ya wiki mbili hivi. Na mahindi yaliyopata unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kukoboa hupunguza sumu hiyo, kwani nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Kwa hiyo anayetaka dona anunue mahindi makavu, ayapepete, atoe yote yaliyooza, yaliyovunjika na yenye rangi ngeni, ndipo apeleke kusaga. Usinunue dona usiyojua mahindi yake yametoka wapi. Mama zetu walikuwa wakikaa na ungo kibarazani nusu saa kwa kazi hiyo, sisi tukidhani wanapiga soga.

Nirudi kwenye tambi za yule kijana. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, wakiongozwa na Kevin Hall, waliwaweka watu 20 mahali pamoja kwa mwezi. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyoundwa kiwandani, wiki mbili vyakula vya asili vilivyopikwa jikoni. Sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi katika milo ya pande zote vililinganishwa, na kila mtu aliambiwa ale kiasi anachotaka. Wakati wa vyakula vya kiwandani walikula zaidi kwa kalori takriban 500 kila siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Wakati wa vyakula vya asili walipungua karibu kiasi hicho hicho. Hakuna aliyewalazimisha. Mtume (s.a.w), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Miqdam bin Ma'dikarib (r.a), ametufundisha kuwa theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Utaitimiza vipi sunna hiyo kwa chakula ambacho mkono hausimami kukifuata?

Na soda nayo? Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, yaani kama vijiko sita vya chai kwa siku kwa mtu mzima. Soda ya kawaida ina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 peke yake imekwishapita vijiko vinane. Hapo hujanywa chai.

Haya yote yanaonekana zaidi Ramadhani. Zamani futari ya pwani ilikuwa tende, uji wa ulezi au wa mtama, muhogo, magimbi, viazi vitamu, kunde au mbaazi za nazi, na samaki. (Nazi kwa kiasi jamani, na sisemi kila cha zamani kilikuwa dawa, kalimati za kuogelea kwenye shira ni za zamani vile vile.) Siku hizi tunafungua kwa juisi ya unga wa paketi yenye rangi ambayo hakuna tunda lililowahi kuwa nayo, kisha soseji, kisha chipsi. Anayeumwa kisukari anafunga kutwa, akifungua sukari inaruka. Huyo azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, hasa kama anatumia dawa au sindano, wala asibadilishe chakula na dawa kwa kusoma makala yangu tu.

Nimo katika kamati ya msikiti wetu inayogawa futari kwa wajane na wazee. Kwa miaka mingi mfuko wetu ulikuwa na sembe, sukari kilo tano, mafuta na ile juisi ya unga. Mwaka uliofuata kukatwa kwa dada yangu nilipeleka pendekezo kwenye kikao cha Shaaban: sukari ipunguzwe iwe kilo moja, juisi ya unga itolewe, badala yake tuweke dona, kunde, unga wa ulezi na tende. Hesabu ilionyesha hatuongezi gharama kubwa. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alipinga. Alisema watu watatuona tumewapelekea chakula cha jela katika mwezi mtukufu. Mwingine akasema mfadhili wa sukari atakasirika. Tulibishana mpaka adhana ya Isha.

Tukakubaliana nusu kwa nusu, kila mtu achague mfuko anaoutaka. Siku ya kugawa, mifuko ya sembe na sukari iliisha kwanza, na ile ya dona ikabaki tisa, nami nikaonekana nimeshindwa. Wiki ya pili akaja bibi mmoja, mjane, mguu wake mmoja umefungwa bendeji, akauliza kama ule unga wa kahawia bado upo. Alikuwa amechukua wa sembe. Akasema binti yake alipoona mfuko wa jirani alimwambia, "Mama, huu ndio alioutaja daktari." Tulimpa miwili, na saba iliyobaki aliondoka nayo yule mzee aliyepinga, akawapelekea watu wa mtaani kwake. Mwaka huu kikao cha Shaaban kitakapokaa, yeye ndiye atakayesoma pendekezo.