Kabla ya Chungu Kuinjikwa: Usalama wa Pombe Tunayopika Nyumbani na Marafiki

Somo hili linawahusu watu wazima wanaopika pombe nyumbani ili wainywe wao wenyewe pamoja na marafiki, bila nia ya kuiuza. Kundi hilo si dogo. Wapo wanaokutana mwisho wa mwezi kupika mbege kama walivyoona ikipikwa na bibi zao Rombo au Machame. Wapo wanaopika komoni ya mahindi msimu wa mavuno unapokwisha. Siku hizi mijini wapo pia vijana wanaoagiza kimea cha shayiri na hopsi, wakajaribu bia kwenye ndoo jikoni. Hapa tutatumia mbege kuwa mfano mkuu, kwa kuwa ndani yake mna takribani kila jambo ambalo mpishi wa pombe ya nyumbani anapaswa kulijua.

Hoja inayotolewa mara kwa mara na wapishi ni kwamba pombe inachemshwa kwa saa nyingi, kisha inachacha na kuwa kali, hivyo hakuna kinachoweza kusalia humo cha kumdhuru mnywaji. Hoja hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoua. Moto huua vijidudu vingi, na uchachu huvizuia vingi vilivyosalia. Lakini sumu si kijidudu. Sumu ambayo kuvu au bakteria wamekwisha kuitoa ndani ya nafaka kabla haijafika jikoni huweza kupita kwenye moto na kuingia katika kata ya mnywaji ikiwa na nguvu zake zilezile.

Mwezi Januari 2015, katika mji mdogo wa Chitima, mkoani Tete nchini Msumbiji, watu waliokuwa wamehudhuria mazishi walikunywa pombe ya kienyeji iliyotengenezwa kwa unga wa mahindi. Wenyeji wa huko nao huiita pombe. Zaidi ya watu 200 waliugua na 75 wakafariki dunia. Mama aliyeipika alikuwa miongoni mwa waliokufa. Uvumi ulienea upesi kwamba pombe ilikuwa imetiwa nyongo ya mamba, imani ambayo msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa. Uchunguzi wa maabara ulionyesha jambo jingine: ndani ya pombe ile mlikuwa na asidi ya bongkreki, sumu inayotolewa na bakteria aitwaye Burkholderia gladioli anapoota katika unga ulioharibika. Taarifa zilizokusanywa zilieleza kuwa unga uliotumika ulikuwa umelowa kwa mafuriko. Sumu hiyo haiharibiwi kwa kuchemshwa. Haikuhitajika nyongo ya mnyama yeyote wala mkono wa adui.

Tunalitaja tukio hilo kwa kirefu kwa sababu ya desturi moja iliyoenea katika nyumba nyingi: nafaka iliyonyeshewa, iliyoota ukungu au iliyobadilika harufu, ambayo hakuna anayethubutu kuisongea ugali, hutengwa "kwa ajili ya pombe". Anayefanya hivyo huona anaokoa mali isipotee. Sisi tunamwomba mtumiaji aiache desturi hiyo kabisa. Nafaka isiyofaa kwa ugali haifai kwa pombe. Haimfai kuku pia, kwa kuwa baadhi ya sumu hizo humdhuru mfugo na nyingine humfikia mlaji kupitia mayai na maziwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa katika maeneo ya Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Yale yalikuwa mahindi ya chakula, lakini sumu hiyo nayo huvumilia moto wa kawaida wa jikoni. Tena haiui kila mara kwa siku moja. Kiasi kidogo kinachoingia mwilini mwaka baada ya mwaka huharibu ini na huchangia saratani ya ini, na ini hilo hilo ndilo linalobebeshwa kazi ya kuondoa kileo.

Turudi kwenye mbege. Ndizi mbivu huchemshwa muda mrefu hadi zigeuke rangi na kuwa za kahawia iliyokolea. Hupoozwa, huachwa zichachuke kwa siku kadhaa, kisha hukamuliwa na kuchujwa. Pembeni, ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa hupikwa uji mzito, uji huo huchanganywa na maji ya ndizi, na baada ya muda mfupi pombe huwa tayari. Katika safari hiyo, ndizi si tatizo kubwa. Ndizi iliyooza huonekana na hunuka, na mpishi huitupa bila kuambiwa. Mahali pa kuangalia ni kwenye kimea.

Ulezi mkavu huhifadhika vizuri kuliko mahindi. Lakini ukishaloweshwa ili uote, umeupa kuvu kila kitu anachokitaka: unyevu, joto na chakula. Chambua ulezi kabla ya kuulowesha, ukiondoa punje zilizobadilika rangi na takataka zote. Tumia maji safi na uyabadilishe. Tandaza ulezi kwa tabaka jembamba juu ya kitambaa au chombo safi, usiufunike kwa gunia lililokuwa na mbolea au dawa, na uugeuze ili hewa ipite. Ukiona utando mweupe usio mzizi, madoa ya kijani au meusi, au ukinusa harufu ya uvundo, tupa wote. Kuchagua punje "nzima" hakusaidii, kwa sababu sumu haionekani kwa macho. Kausha kwenye turubai au kichanja, si juu ya udongo.

Anayetumia kimea cha mahindi ana jaribio rahisi la kupima ukavu wa nafaka yake kabla ya kuihifadhi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, ifunge na uitikise kwa dakika moja. Iache ikae dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayo bado hayafai kuwekwa stoo.

Neno kuhusu msesewe, gome linaloipa mbege uchungu wake. Mti huu ni wa jenasi moja na mmea wa Asia uliotupatia reserpini, dawa ya kushusha shinikizo la damu, na wenyewe una kemikali za aina hiyo. Wazee waliutia kwa kiasi, na kiasi hicho kina maana. Mgeni anayetumia dawa za shinikizo la damu au za moyo ana haki ya kuambiwa kuwa kinywaji kina msesewe, ili aamue mwenyewe.

Vyombo havihitaji maneno mengi. Pombe ina asidi, na asidi hula madini. Pipa la bati lililopakwa zinki halifai kuchachushia, na pipa lililowahi kubeba rangi, mafuta ya mitambo au viuatilifu halifai hata likioshwa mara kumi. Ukinunua ndoo au pipa la plastiki, tafuta alama ya glasi na uma inayoonyesha kuwa chombo kimetengenezwa kwa ajili ya chakula. Baada ya kuchemsha, maji ya kuongezea nayo yawe yamechemshwa.

Usiifungie pombe changa kwenye chupa ya kioo. Mbege huendelea kuchacha hata baada ya kuchujwa, hewa ya kaboni hujaa, na chupa hupasuka kama bomu. Vipande vya kioo havijali aliye karibu ni mtoto au mpishi. Chombo kiachiwe nafasi ya kupumua.

Sheria inatofautisha kunywa na kuuza. Mara marafiki wanapoanza kuwauzia wapita njia, hata kwa bei ya kurudisha gharama ya ndizi tu, wanahitaji leseni ya vileo na jengo linalokaguliwa. Kama kikundi chenu kinachangishana na hamna hakika mpaka uko wapi, muulizeni afisa biashara wa halmashauri kabla, si baada. Kukeneka ni jambo jingine kabisa. Kwa Tanzania, kutengeneza gongo nyumbani ni kosa la jinai, na hakuna udhuru wa "tunajaribu tu". Aidha, msinunue spiriti ya kuongezea ukali. Spiriti ya viwandani huweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua, na ulimi hauwezi kuitofautisha na kileo cha kawaida.

Ikiwa mtu aliyekunywa ataanza kutapika mfululizo, kuumwa tumbo sana, kuona ukungu machoni au kuchanganyikiwa, msimwache alale mkidhani ni ulevi. Dalili za methanoli huweza kuchelewa hadi siku ya pili. Mpelekeni kituo cha afya mara moja, mkaeleze alikunywa nini na saa ngapi, na muwaarifu wote waliokunywa naye ingawa wanajiona wazima. Pombe iliyobaki isimwagwe. Ifunikeni, muweke kando pia unga au kimea kilichobaki na mfuko wake, mviandike "sumu" ili mtu asivitumie, kisha mvikabidhi kwa afisa afya kwa ajili ya maabara.