Kiyoyozi cha Gari la Wagonjwa na Hewa Ukaa: Namna ya Kupima

Mgonjwa anaposafirishwa kutoka Ngenge, wilayani Muleba, hadi Bukoba, kiyoyozi cha gari humkinga na joto na vumbi. Faida hiyo ina gharama: kompresa ya kiyoyozi huzungushwa na injini, nayo injini hulazimika kuchoma mafuta zaidi. Kila lita ya dizeli inayoungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Lita ya petroli, takriban kilo 2.3. Kwa hiyo, apimaye mafuta hupima pia hewa ukaa.

Upimaji hauhitaji maabara. Katika safari isiyo na mgonjwa, jaza tangi, andika kilomita, kisha nenda na urudi kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Jaza tena kwenye pampu ile ile na uandike lita zilizoingia. Siku nyingine, rudia kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Dereva, njia, mzigo, mwendo na upepo wa matairi visibadilike. Madirisha yafungwe safari zote, kwa kuwa dirisha lililo wazi huongeza ukinzani wa hewa gari liendapo kasi. Rudia walau mara tatu kwa kila hali, ndipo utafute wastani.

Tuseme gari limetumia lita 11 kwa kilomita 100 bila kiyoyozi, na lita 12 kikiwa kimewashwa. Tofauti ya lita 1 ya dizeli ni kilo 2.7 za hewa ukaa.

Liko dhara lisiloonekana katika kipimo hicho. Gesi ya R-134a, iliyomo katika viyoyozi vya magari mengi, ikivuja hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule, kwa kipindi cha miaka 100. Ndiyo maana mwaka 2016, jijini Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Fundi asiiachie hewani.

Hata hivyo, mgonjwa asinyimwe nafuu kwa ajili ya hesabu. Mtoto mchanga asipulizwe baridi. Abebwapo mwenye kifua kikuu, madirisha yafunguliwe, kwani kiyoyozi kinachozungusha hewa ile ile ya ndani hulimbikiza vimelea. Kinachostahili kuzimwa ni injini ya gari lililosimama tupu karibu na wodi: huchoma mafuta bila safari, na moshi wake una kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu.